Mtoto Ndani, Mzazi Nje ya Lango

Chuo kidogo cha sanaa huria nchini Marekani huwa na wanafunzi elfu moja hadi elfu mbili na ushei, karibu wote wakilala, wakila na kusoma mahali pamoja kwa miaka minne. Hakina kitivo cha udaktari wala cha sheria, na mara nyingi hakina wanafunzi wa uzamili. Walimu wake wameajiriwa kuwafundisha vijana wa shahada ya kwanza. Williams, kilichoanzishwa 1793 kwenye vilima vya magharibi mwa jimbo la Massachusetts, kina wanafunzi wapatao 2,000. Grinnell, kilichozungukwa na mashamba ya mahindi ya Iowa, kina wapatao 1,700 katika mji wa watu elfu tisa hivi. Zipo shule za Dar es Salaam zenye watoto wengi kuliko hao.

Neno "huria" lisimchanganye msomaji anayekijua Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako huria ni mlango kuwa wazi kwa kila mwenye nia. Hapa asili ni Kilatini, artes liberales, stadi zilizompasa mtu huru, asiye mtumwa. Kiswahili cha mwambao kilikuwa na neno lililoibeba maana hiyo barabara: muungwana. Stadi za muungwana wa kale zilikuwa saba, yaani sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Leo zimetanuka hadi biolojia, uchumi na sayansi ya kompyuta, lakini wazo limebaki lile lile: kijana asome mapana kwanza, ndipo achague somo kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Hata Marekani kwenyewe jina hili huwapiga chenga wazazi wengi. Wapo wanaodhani ni chuo cha wachoraji, na wapo wanaodhani ni chuo cha siasa za mrengo wa kushoto.

Mzazi akiulizwa kwa nini alikubali chuo ambacho majirani zake hawajapata kukisikia, jibu la kwanza huwa kwamba pale mtoto wake anajulikana. Kwenye vyuo vikuu vya majimbo somo la utangulizi linaweza kuwa na wanafunzi mia tatu ukumbini, na karatasi zao zikasahihishwa na wasaidizi. Kwenye chuo kidogo darasa la watu kumi na watano ni jambo la kawaida. Williams ina mtindo wake wa vikao vya watu watatu: mwanafunzi mmoja huandika insha, mwenzake huichambua mbele ya profesa, na wiki inayofuata wanabadilishana zamu. Asiyesoma hana pa kujificha. Akikosa vipindi viwili mfululizo, mwalimu humwandikia kuuliza kulikoni, na habari ikimfikia mshauri wa wanafunzi, naye hugonga mlango wa bweni.

Wazazi hupenda pia mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye cheti. Kwenye Chuo cha Carleton, mjini Northfield, Minnesota, kuna nyumba ya mbao iliyoachwa na bibi mmoja aliyewahi kufanya kazi chuoni, Dacie Moses. Unga, sukari, siagi na mayai huwekwa jikoni humo wakati wote, na mwanafunzi yeyote anaweza kuingia akaoka biskuti, mradi aache nyingine kwa ajili ya watakaokuja. Kwenye vyuo vya Smith, Mount Holyoke na Williams, asubuhi moja ya vuli ambayo haikutangazwa, kengele hulia, masomo hufutwa, na wanafunzi wakaenda zao milimani. Haverford, karibu na Philadelphia, kilichoanzishwa na Waquaker mwaka 1833, kina kanuni ya uaminifu ambayo wanafunzi wenyewe huipigia kura upya kila mwaka. Mitihani hufanywa bila msimamizi, saa anayoichagua mwanafunzi. Mama aliyemlea mtoto kwa kumkagua begi kila jioni huyasikia hayo akashangaa, kisha akaona fahari.

Mwisho wa Agosti ndiyo siku ya kuhamia. Magari hupanga foleni mbele ya mabweni, buti wazi, na ndani yake mna jokofu dogo, feni, taa ya mezani, kapu la nguo chafu na mashuka ya kipimo cha pekee: godoro la bwenini lina urefu wa sentimita 203 hivi, na shuka la kitanda kimoja cha kawaida halifiki pembeni. Mzazi asiyeambiwa mapema hurudi dukani. Baba hubeba sanduku hadi ghorofa ya tatu, maana majengo mengi ya zamani hayana lifti; mama hutandika kitanda ambacho hatakiona kikitandikwa tena. Mwenzi wa mtoto chumbani ameshafika na kuchukua upande wa dirishani. Wazazi wa pande mbili husalimiana kwa adabu huku wakipimana kwa macho.

Saa chache baadaye wageni hutakiwa waondoke. Hapo ndipo Chuo cha Morehouse, mjini Atlanta, alikosoma Martin Luther King, hakifichi neno. Ni chuo cha wanaume, kilichoanzishwa 1867 kwa ajili ya Wamarekani weusi, na kina sherehe yake ya kuagana. Wanafunzi wapya huandamana kupita langoni, kisha lango likafungwa, vijana ndani, wazazi nje. Vyuo vingine hutumia lugha laini zaidi, kwa mfano ratiba inayoandika kwamba saa kumi jioni ni "kwaheri ya familia" na saa kumi na nusu ni mkutano wa wanafunzi peke yao. Ujumbe ni ule ule. Mzazi aliyechagua chuo hiki kwa sababu ni kama kijiji hugundua jioni hiyo kwamba yeye si mmoja wa wazee wa kijiji.

Sheria imekaza lango hilo. Tangu 1974 Marekani ina sheria ya faragha ya kumbukumbu za elimu, maarufu kwa kifupisho chake FERPA. Mtoto akishaingia chuo cha elimu ya juu, hata kama hajatimiza miaka 18, haki ya kuona kumbukumbu zake huhama kutoka kwa mzazi hadi kwake mwenyewe. Anayelipa ni mzazi. Matokeo ya mtihani ni ya mtoto. Mama akipiga simu kuuliza kama mwanawe anahudhuria masomo, ofisi humjibu kwa upole kwamba haiwezi kuzungumzia mwanafunzi bila kibali chake cha maandishi. Ipo mianya: chuo kinaruhusiwa kumwambia mzazi anayemtaja mtoto huyo kuwa tegemezi kwenye kodi yake, au ikitokea dharura ya afya na usalama, na tangu 1998 kinaweza kumjulisha kwamba kijana wa chini ya miaka 21 amevunja kanuni za pombe au dawa za kulevya. Kinaruhusiwa tu, hakilazimishwi. Kwa wazazi wengi hili ndilo lalamiko zito kuliko yote, na lina uzito zaidi kwenye chuo kidogo, kwa sababu wanajua fika kwamba pale yupo mtu anayezijua habari za mtoto wao. Kwenye chuo cha watu elfu arobaini ukimya ni wa kawaida. Kwenye chuo cha watu elfu mbili ni ukimya wa mtu anayejua.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Mwaka 1913 mwenye mgahawa mmoja katika mji wa Berea, Kentucky, alikishtaki Chuo cha Berea kwa kuwakataza wanafunzi kula nje ya chuo, maana katazo hilo lilimwulia biashara. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilikipa chuo ushindi na kusema kwamba chuo kinasimama mahali pa mzazi, kwa hiyo kinaweza kuweka kanuni yoyote ambayo mzazi angeiweka kwa faida ya mtoto. Kwa nusu karne iliyofuata vyuo vilitumia mamlaka hayo bila haya. Wasichana walikuwa na saa ya kurudi bwenini. Mvulana akimtembelea msichana, mlango uliachwa wazi. Miaka ya 1960 ikayavunja hayo. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya wanafunzi weusi wa Alabama waliofukuzwa chuoni kwa kupinga ubaguzi, iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa nafasi ya kujitetea. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18. Mwanafunzi akawa mtu mzima, na chuo kikavua joho la mzazi.

Wazazi walikubali kwa shingo upande, kisha wakaanza kudai baadhi ya mambo yarudi. Sheria ya 1990 inayovilazimu vyuo kutangaza takwimu za uhalifu uliotokea kwenye maeneo yao, iitwayo sheria ya Clery, ilitokana na juhudi za baba na mama ambao binti yao aliuawa bwenini huko Pennsylvania mwaka 1986. Leo kila chuo hutoa ripoti hiyo kila mwaka, na wazazi makini huisoma kabla ya kulipa amana.

Pombe ndiyo inayowanyima wengi usingizi. Umri halali wa kunywa ni miaka 21 nchi nzima tangu sheria ya 1984 ilipoyabana majimbo, lakini wengi wa wanachuo huwa hawajafika umri huo, na kwenye mji mdogo wenye sinema moja na duka moja la piza, burudani ya Jumamosi usiku hufanyika bwenini. Vyuo kadhaa vilijaribu kukata mzizi kwa kuvunja vyama vya udugu, yale makundi ya wavulana yenye nyumba zao, viapo vyao na sherehe zao: Williams ilianza kuviondoa 1962, Amherst ikavifuta 1984, Bowdoin ikaamua vivyo hivyo 1997. Sherehe zilipungua kelele, hazikuisha. Kila ghorofa ya bweni huwa na mwanafunzi wa mwaka wa juu anayelipwa kuwaangalia wadogo zake. Mzazi humtegemea kijana huyo kuliko anavyopaswa, akisahau kwamba mlezi mwenyewe ana miaka ishirini na mtihani kesho.

Halafu kuna udogo wenyewe. Sifa ile ya kujulikana ina upande wa pili, na wazazi huuona kwenye mazungumzo ya simu ya mwezi wa pili, baridi ilipokaza na theluji haijayeyuka tangu Krismasi. Msichana aliyeachana na mpenzi wake atakutana naye bwaloni mara tatu kwa siku, kwa sababu bwalo ni moja. Kijana aliyekosana na kundi lake la kwanza hana makundi mengine hamsini ya kuchagua. Neno alilolitamka darasani Jumatatu linarudi kwake Jumatano likiwa limeongezwa chumvi. Ndiyo maisha ya kijijini, na wazazi waliokulia miji midogo huyatambua haraka kuliko wale wa New York. Baadhi ya watoto huhama baada ya mwaka mmoja. Wengine huenda ng'ambo kwa muhula mmoja katika mwaka wa tatu, na vyuo vinajua wazi kwamba safari hiyo, pamoja na faida zake za kielimu, ni dirisha la kupumulia.

Simu ya mkononi imebadilisha mambo kwa namna ambayo hakuna sheria iliyoikusudia. Zamani foleni ya simu ya korido ilimfanya mwanafunzi azungumze na nyumbani Jumapili jioni tu. Sasa mama anapata picha ya sahani ya chakula cha mchana kabla haijaliwa. Walimu na washauri wana jina lao kwa wazazi wasioacha kuelea juu ya mtoto: wazazi helikopta. Kashfa hiyo haina haki kamili. Mzazi aliyeambiwa kila mwaka wa sekondari kwamba ushiriki wake ndio siri ya mafanikio ya mtoto, leo anaambiwa kwamba ushiriki ule ule ni ugonjwa. Vyuo navyo vina ndimi mbili, kwa kuwa ofisi ya wanafunzi humsihi mzazi akae mbali, huku ofisi ya michango ikimwandikia barua tatu kwa mwaka na kumwalika kwenye wikendi ya familia mwezi Oktoba, majani yakiwa mekundu na bwalo likipika vizuri kuliko siku zote.

Kuhusu masomo yenyewe, hofu huwa ni moja: falsafa italipa nini? Baba mhandisi hushindwa kuelewa kwa nini mwanawe anasoma historia ya Roma kwenye chuo ambacho mara nyingi hakifundishi uhandisi wala biashara. Vyuo hujibu kwa majina. Thomas Cech, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia 1989, alisoma Grinnell. Jennifer Doudna, aliyeipata 2020 kwa kazi ya kuhariri jeni, alisoma Pomona, California. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya maabara: pasipo wanafunzi wa uzamili, kijana wa miaka kumi na tisa ndiye anayeshika hadubini na kufanya utafiti bega kwa bega na profesa.

Bei ndiyo inayokata maneno. Kwenye vyuo mashuhuri vya aina hii, karo, chumba na chakula vikijumlishwa, gharama iliyotangazwa imevuka dola 80,000 kwa mwaka. Ni wachache wanaoilipa yote. Kwenye vyuo binafsi vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husamehewa kwa wastani zaidi ya nusu ya karo iliyoandikwa, wengine kwa sababu ya kipato cha familia, wengine kwa sababu chuo kinawataka tu. Matokeo yake ni kama soko la mitumba: hakuna mzazi anayejua jirani yake wa mezani kalipa kiasi gani. Steve Jobs aliingia Chuo cha Reed, Oregon, mwaka 1972, akaacha masomo rasmi baada ya muhula mmoja. Alieleza baadaye kwamba akiba yote ya wazazi wake, watu wa kipato cha kawaida, ilikuwa inateketea kwenye karo na yeye haoni inampeleka wapi. Upande wa pili wa mizani upo Berea, kile kile cha kesi ya mgahawa, ambacho hakijamtoza mwanafunzi karo tangu 1892. Badala yake kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni saa zisizopungua kumi kwa wiki, akifagia, akifuma, akihudumia ofisi.

Wazazi wa Afrika Mashariki wana historia yao na vyuo hivi. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipoandaa safari za ndege za kuwapeleka vijana Marekani, ya kwanza ikiruka Septemba 1959 na wanafunzi 81, wengi wao hawakupokelewa na vyuo vikuu vikubwa. Walipokelewa na vyuo vidogo, vingi vya makanisa, katika miji isiyozoea kuwaona Waafrika. Familia na vijiji vilichangishana fedha. Wangari Maathai, aliyeondoka 1960, alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Kwa familia ambayo binti yao alikuwa ameshalelewa na masista bwenini huko Kenya, hapo palieleweka. Alihitimu biolojia 1964, akaendelea na uzamili Pittsburgh, na hakurudi nyumbani hadi 1966. Habari zilisafiri kwa barua.

Anayempeleka mtoto leo kutoka Moshi au Mombasa hukutana na mambo ambayo kijitabu chenye picha za rangi hakiyasemi. Mabweni mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Mwanafunzi wa mbali huomba ruhusa ya kubaki, bwalo likiwa limefungwa, au hualikwa na familia ya rafiki. Viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi chuoni saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo ahadi ya kwamba "atajisomesha akifika" haina msingi. Bima ya afya ni lazima. Vyuo vinavyompokea mgeni bila kwanza kuangalia uwezo wa kulipa ni vichache mno, Amherst kikiwa kimojawapo. Wengine huingia kupitia ruzuku, kama ile ya Davis inayowafuata wahitimu wa shule za UWC (United World Colleges), ikiwemo ile yenye kampasi Moshi na Arusha. Na saa hazilingani: saa mbili usiku Dar es Salaam, mzazi anapotulia, majira ya kiangazi huko pwani ya mashariki ni saa saba mchana, na mtoto yuko darasani.

Miaka ya karibuni limeongezeka swali ambalo wazazi wa kizazi kilichopita hawakulazimika kuliuliza: je, chuo chenyewe kitadumu miaka minne? Idadi ya vijana wa umri wa chuo imeanza kupungua kwenye majimbo ya kaskazini-mashariki, na chuo chenye wanafunzi mia nne hakina akiba ya kuvumilia misimu miwili mibaya. Green Mountain, Vermont, kilifungwa 2019. Marlboro kikafuata 2020. Birmingham-Southern, Alabama, kilichokuwapo tangu 1856, kilifunga milango mwisho wa Mei 2024. Wells, kando ya Ziwa Cayuga jimboni New York, kilitangaza tarehe 29 Aprili mwaka huo kwamba hakitafunguliwa tena baada ya muhula kwisha, na wazazi waliokuwa wamelipa amana ya mwaka ujao wakabaki na wiki chache za kumtafutia mtoto chuo kingine. Sweet Briar, chuo cha wanawake cha Virginia, kilitangaza kifo chake Machi 2015; wahitimu wake walikwenda mahakamani, wakachanga mamilioni ya dola, na hadi Juni kikawa kimeokolewa. Kingali kinafundisha. Siku za kutembelea vyuo, baada ya mwongozaji kuonyesha maktaba na bwalo, sasa husimama mzazi mmoja nyuma ya kundi na kuuliza chuo kina akiba kiasi gani benki, huku mtoto wake akiangalia viatu vyake.